Vyuma vipya, kelele mpya: jinsi ya kumkamata anayegonga nyuma ya gari

Magari yanayonisumbua zaidi katika garaji yetu ya Ndosho, hapa Goma, si yale yaliyochakaa. Ni yale yaliyotengenezwa juma lililopita. Mwenye gari amenunua shokapu (amotisere) mpya kule soko la Birere, springi ndefu zilizotoka Dubai, mabushi mekundu ya poliurethani, yaani plastiki ngumu ya kuvika kwenye viungo. Amelipa dola zake bila kunung'unika. Kabla hajafika Sake, nyuma kumeanza kugonga. Anageuza gari, anakuja moto. "Mama fundi, hizi amotisere ni za bongo!"

Zinaweza kuwa za bongo kweli, yaani bandia, maana soko letu lina kila kitu. Lakini kwa ninayoyaona kila siku, kipande kipya chenyewe ndicho mshtakiwa wa mwisho. Kelele iliyoanza siku ya kubadilisha vyuma hukaa pale mikono ilipopita: bolti iliyokazwa gari likining'inia, washa (kile kibati cha duara chini ya nati) iliyogeuzwa, springi isiyokaa kwenye kikombe chake, waya wa ABS (breki zisizofunga magurudumu) uliosahauliwa kufungwa. Kwa hiyo usikimbilie kununua kitu kingine. Rudi palipoguswa.

Ninazungumzia zaidi Prado, ile ya 90 na ya 120, maana ndizo zinazoingia kwangu kwa wingi. Nyuma zina ekseli moja nzima, springi mbili za mviringo, mikono minne inayoishika ekseli isiende mbele wala nyuma, fito moja ya kukingama inayoizuia isihame kando, na stabilaiza, ile baa inayozuia gari lisilale kwenye kona. Hilux na Land Cruiser za mizigo zina springi za bapa, yaani mabati ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, nitazigusa baadaye. Corolla E110 ina strati (shokapu na springi katika kipande kimoja) nyuma kama ilivyo mbele, na E120 iliyoifuata ina boriti moja inayojipinda. Ujue la kwako lina mfumo gani kabla hujasikiliza ushauri wa barabarani. Jirani mwenye RAV4 atakuelekeza kwa nia njema kabisa kwenye kipande ambacho gari lako halina.

Toa mizigo kwanza

Utacheka, lakini hapa ndipo ninapoanza hata kwa wateja wanaonikasirikia. Ondoa kila kitu nyuma: kriki (jeki), spana ya tairi, bido la mafuta, kreti tupu, kizima moto. Kunja viti vya nyuma, kisha virudishe mpaka usikie kufuli imeshika. Mwalimu mmoja alishalipa shokapu mbili mahali pengine kwa sababu ya kriki yake mwenyewe iliyokuwa imefunguka kamba.

Kwa Prado kuna na mlango wa nyuma. Unafunguka kwa upande na mara nyingi ndio uliobeba tairi la akiba, kwa hiyo bawaba zake zinavumilia mengi. Vipira vya kuuegemeza vikiisha, mlango unagonga kwenye kila jiwe, na sauti yake inafanana na ya shokapu kiasi cha kumdanganya fundi mzee. Kaza nati za tairi la akiba, zungushia utepe mara mbili tatu kwenye chuma kinachoshikwa na kufuli ya mlango, kisha tembeza gari. Kelele ikipungua, umeokoa pesa.

Maswali ninayomuuliza mwenye gari

"Iko nalia nyuma" hainisaidii. Nataka kujua inalia lini. Ukikanyaga jiwe au ukidondoka shimoni? Gurudumu moja likipanda au yote mawili pamoja? Ukishika breki? Ukiachia klachi? Ukiwa peke yako au ukibeba watu? Asubuhi tu, au hata gari likishapata moto? Ilianza siku ileile ya matengenezo, au baada ya siku kadhaa? Hilo la mwisho lina uzito. Kelele ya siku ileile inasema kitu kimewekwa vibaya au hakilingani na gari. Kelele iliyokuja baadaye inasema kitu kimelegea.

Halafu ninasikiliza mwenyewe. Mwenye gari anaendesha, mimi ninakaa kiti cha nyuma, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Hapa Goma tumepewa uwanja wa majaribio bila malipo. Lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na hata mitaa ambayo haikuguswa mwaka ule imelala juu ya mawe ya milipuko ya zamani. Ninaanza kwenye lami ya barabara ya Sake ili kutenga sauti za matairi na beringi, kisha ninaingia kwenye mawe ya mtaani kwa mwendo wa kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Ukienda haraka sauti zote zinachanganyika, hutajua nani kasema nini.

Pita karibu na ukuta wa mawe meusi, dirisha la upande huo likiwa wazi. Ukuta unakurudishia sauti. Geuza gari, pita tena ukuta ukiwa upande wa pili. Ile inayosikika kwa ukali zaidi inakuonyesha ni upande gani uanze. Simu pia ni fundi msaidizi: washa kinasa sauti, ifunge kwa utepe ndani ya gari juu ya gurudumu la kushoto, rekodi, kisha ihamishie kulia, barabara ileile, mwendo uleule. Sikiliza zote mbili ukiwa umetulia, redio ya jirani imezimwa.

Sauti zenyewe zinaongea. Ko-ko-ko nyepesi na ya haraka kwenye vijiwe vidogo, gurudumu moja moja likipanda, ni linki za stabilaiza, vile vifito vya kuiunganisha, au kichwa cha shokapu kilicholegea. Ndu! moja nzito gurudumu likidondoka shimoni ni shokapu iliyofika mwisho wa urefu wake. Ndu! ileile ikija gari likibonyea, hasa likiwa na abiria, ni ekseli inayofika kwenye mpira wa kuizuia, au shokapu ndefu kupita kiasi inayogonga chini kabla ya mpira huo kufanya kazi yake. Kwii ya polepole mtu akipanda au akishuka ni bushi. Kla! moja ukiondoka au ukifunga breki ni mikono ya ekseli, au yubolti (bolti ya umbo la U inayofunga ekseli) kwenye springi za bapa, au misalaba ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma. Mvumo unaopanda na mwendo na kubaki uleule kwenye lami laini si kazi ya shokapu wala springi. Huo ni wa beringi au tairi, na hauko katika maelezo haya.

Majaribio yasiyogharimu kitu

Kabla ya kufungua chochote ninafanya haya. Tembea polepole juu ya mawe, kisha gusa breki ya mguu kidogo tu, halafu rudia kwa breki ya mkono, gari liendelee kutembea kwa uzito. Kelele ikikatika papo hapo, tazama breki za nyuma: klipu ya pedi iliyorudishwa vibaya, kalipa iliyolegea, viatu vya breki vinavyocheza ndani ya drumu. Aliyebadilisha shokapu huenda alifungua na breki akiwa hapohapo.

La pili ni stabilaiza. Fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, zifunge kwa waya zisiguse kitu, kisha rudi kwenye mawe yaleyale kwa mwendo mdogo. Usiende nazo mbali, gari litalala zaidi kwenye kona. Kelele ikiisha, mwenye kelele umempata: ama linki, ama bushi za katikati zinazoishika baa. Usifungue linki moja tu ukadhani umejaribu. Baa ikishikwa upande mmoja inaweza kugonga kitu kingine na kukupoteza. Wakati wa kuzirudisha, magurudumu yote mawili yawe kwenye kimo kimoja, la sivyo utapigana na baa inayovuta.

La tatu ni la kwii. Chukua chupa ya maji yenye tone la sabuni, mtu mmoja aruke-ruke kwenye bampa la nyuma, wewe nyunyizia bushi moja tu, subiri, kisha inayofuata. Ile inayonyamaza ikilowa ndiyo yenyewe. Itaanza tena ikikauka, na hiyo ni sawa, kwa sababu hapo ulikuwa unatafuta tu. Ninachokataa ni mtindo wetu wa kumwagia mafuta machafu ya vidanji (yaliyotolewa kwenye injini) kwenye mabushi. Mpira wa kawaida ukinywa mafuta ya injini unavimba na kulegea, na vumbi letu jeusi la volkano linaganda pale kama msasa. Gari linanyamaza siku chache, mteja anakusifu, na bushi inakufa.

La nne: paka chaki pale unapodhani chuma kinagusana na chuma, kwa mfano springi na kikombe chake, bomba la moshi na ekseli, shokapu na mkono wa karibu. Tembeza gari, rudi utazame chaki imefutika wapi. Na ukimweka msaidizi abonyeze gari juu chini, wewe shika kila kiungo kwa vidole, mbali na panapoweza kubana. Linki iliyokufa utaisikia mkononi kabla ya sikioni.

Kuhusu kulala chini ya gari: stendi za chuma au magogo mapana yaliyo imara, na kipande cha ubao mbele ya magurudumu yaliyobaki chini. Si kriki peke yake. Na si jiwe la lava, hata likiwa kubwa na linaonekana gumu. Lina matundu ndani, likibanwa vibaya linapasuka bila kukuaga.

Bolti zilizokazwa gari likining'inia

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo kelele nyingi zinapozaliwa na ni mafundi wachache wanaopajali.

Bushi ya mpira ya kwenye mkono wa ekseli haizunguki kama beringi. Ina bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na mpira uliogandishwa katikati. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa na mabano ya fremu, halisogei tena. Mkono ukipanda na kushuka, ni mpira unaojipinda. Sasa fikiria fundi amenyanyua gari, magurudumu yananing'inia, anaweka springi mpya, anakaza kila kitu kwa nguvu zote, kisha anashusha gari. Kwa mpira ule, "katikati" ni pale gurudumu lilipokuwa likining'inia. Gari likikanyaga chini, mpira tayari umepindwa mpaka karibu na mwisho wake, na bado hujaliona hata jiwe moja. Unalia, unavuta gari lisikae kimo chake, na baada ya muda unachanika. Mwenye gari anasema springi mpya ni ngumu mno.

Dawa yake haina gharama. Legeza bolti za mikono yote minne, za fito ya kukingama, na ya chini ya shokapu kama jicho lake lina bushi ya namna hiyo. Zilegeze tu, usizitoe. Shusha gari likanyage chini kwa magurudumu yote, lisukume mbele na nyuma mita chache, libonyeze mara kadhaa likae. Ndipo ukaze, gari likiwa chini. Kama huwezi kuingia chini yake, weka magurudumu ya nyuma juu ya mbao nene, au weka ekseli yenyewe juu ya stendi ili uzito wa gari ubaki kwenye springi. Nguvu ya kukaza ipo kwenye kitabu cha gari, kwa nyuton-mita, na inapimwa kwa spana ya torki. Najua garaji nyingi za mtaani hazina spana hiyo. Azima. Mkono wa kijana mwenye bomba refu umeharibu nyuzi za nati nyingi kuliko kutu.

Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu linahitaji kazi hii hata kama mikono yake haikuguswa, kwa kuwa kimo chake cha kusimama kimebadilika na bushi za zamani bado zimekazwa kwa kimo cha kiwandani. Fundi anayekuwekea springi za kuinua gari bila kulegeza na kukaza upya bolti hizi amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayolia.

Kichwa na jicho la shokapu

Shokapu yenye ncha ya nyuzi juu ina mpangilio wake: washa, mpira, bati la gari, mpira, washa, nati. Washa zina kikombe, na kikombe kinatazama mpira ili kiushike usikimbie. Zikigeuzwa, mpira unatoka kando na ncha inaanza kugusa bati. Kaza mpaka mpira uvimbe kufikia upana wa washa, usipite hapo, isipokuwa karatasi iliyokuja na shokapu imesema vingine. Nati yenye nailoni ndani haitumiki tena na tena. Weka mpya iliyokuja kwenye boksi.

Ncha ikizunguka pamoja na nati, ishike kwa spana pale juu palipokatwa kwa ajili hiyo. Usiishike ile fimbo inayong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mdogo tu unapita kwenye sili kila gurudumu linapopanda, na kabla mwezi haujaisha mafuta yanamwagika. Vilevile bunduki ya upepo ya kukazia nati: inazungusha fimbo nzima ndani ya shokapu na kukudanganya kwamba nati imekaza.

Jicho la chini lina ugonjwa wake. Shokapu za soko hutengenezwa ziingie magari mengi, kwa hiyo bomba la jicho linaweza kuwa na tundu la milimita 14 wakati bolti yako ni ya 12. Linaingia vizuri, hata fundi anafurahi halikubana. Nafasi hiyo ndogo inagonga kama nyundo kwenye kila jiwe. Toa bolti, iingize kwenye jicho kwa mkono, itikise. Ikicheza, tafuta bomba la saizi sahihi, au mtu wa mashine ya kukereza akutengenezee. Usijaze nafasi kwa bati la kopo la nyanya. Nimelitoa bati hilo kwenye gari la watu, limesagika.

Na kuna shokapu za mafuta zilizolala rafu miezi mingi, hewa ikahamia upande isipostahili. Kabla ya kuifunga, isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, ivute yote, ibonyeze yote, rudia mpaka ugumu uwe sawa njia nzima bila pengo. Kisha iweke bila kuilaza tena. Ukisikia fsss kidogo kwa mbali, hayo ni mafuta yanapita kwenye vitundu, usihangaike nayo.

Springi na urefu

Mwisho wa koili lazima uishie kwenye kituo chake ndani ya kikombe cha chini, na juu kuwe na mpira wake. Mafundi wengi huutupa mpira wa zamani kwa sababu umechakaa, wasiweke mwingine. Ndipo chuma kinakaa juu ya chuma. Angalia kama springi imewekwa juu chini. Mara nyingi maandishi yake yakisomeka bila kupindua shingo, imesimama sawa. Springi zenye koili zilizosogeana mwisho mmoja hupiga kla-kla koili hizo zinapogusana. Utaona rangi imefutika na chuma kinang'aa. Wengine hupasua mpira wa maji kwa urefu na kuuvisha kwenye koili hizo. Sioni ubaya, ila uufunge vizuri, na utazame tena baada ya mvua kubwa kama haukushika mchanga.

Urefu ndio unaowaponza wanaoinua magari. Ameweka springi zinazopandisha sentimita 5, amebakiza shokapu za kimo cha kawaida kwa sababu "bado ni nzima". Kwa magari mengi ya ekseli nzima, kinachozuia ekseli isining'inie zaidi ni shokapu yenyewe. Umelipandisha gari, umekula sehemu ya nafasi ya gurudumu kushuka. Kila shimo, shokapu inavutika mpaka mwisho na kupiga ndu! Pima kutoka katikati ya jicho la chini mpaka bati la juu gari likikanyaga chini, andika. Inua fremu mpaka magurudumu yaning'inie, pima tena. Tofauti ikiwa sentimita tatu au nne, kwa mawe ya hapa haitoshi hata kidogo, na hakuna bushi utakayobadilisha ikaiondoa kelele hiyo. Ama shokapu ndefu zinazoendana na springi, ama springi fupi.

Ukilipandisha gari la ekseli nzima, pima na nafasi kati ya tairi na fremu kushoto, kisha kulia. Fito ya kukingama haikurefuka, kwa hiyo ekseli imevutwa upande mmoja. Milimita chache si neno. Zikizidi, tairi au bomba la moshi linaanza kugusa pale ambapo halikuwahi kufika, na unahitaji fito ya kurekebishika.

Mabushi mekundu

Poliurethani ni kitu kizuri kwa anayejua anachonunua. Ni ngumu kuliko mpira, haijipindi. Inazunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo inahitaji grisi kati ya hivyo viwili. Iwe grisi ya silikoni, ile nzito inayonata ambayo mara nyingi huja kwenye kifuko pamoja na mabushi. Fundi akitupa kifuko akidhani ni takataka, utamsikia kwii kuanzia siku ya kwanza ya kiangazi. Dawa ni kufungua, kusafisha, kupaka ndani na kwenye mashavu yake, kufunga. Kunyunyizia kitu kwa nje hakufiki panapolia.

Maoni yangu, na wenzangu hawakubaliani nami: kwa gari la familia linaloishi kwenye mawe, bushi ya mpira ya kiwandani, hata iliyotoka kwenye gari la Japani likiwa bado nzima, inashinda jekundu jipya. Mpira unameza mawe madogo. Jekundu linayapeleka yote kwenye bati la gari, na bati linaongea.

Springi za bapa, kwa ufupi

Yubolti zikazwe gari likiwa chini, kidogo kidogo kwa kupishana kona, kisha zirudiwe baada ya kilomita za mwanzo mia chache na tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Bapa mpya hukaa, unene unapungua, yubolti inalegea yenyewe. Ikiachwa, bolti ya katikati inakatika na ekseli inahama. Ukiongeza bapa, nunua yubolti mpya ndefu. Kwii ya kwenye bapa hutoka kwenye ncha zinazosuguana au kwenye bushi za shakili (kiungo kinachoshika ncha ya springi) zilizokazwa kupita kiasi. Na kabla ya yote kwenye Hilux, kalitikise tairi la akiba pale chini. Mnyororo wake ukilegea linapiga ngoma nzuri tu.

Vitu vya jirani

Aliyeshusha ekseli ili aingize springi ameuvuta mpira wa breki, waya wa ABS, waya za breki ya mkono na bomba la moshi. Fuata kila kimoja kwa mkono kutoka fremu mpaka ekseli. Bolti ndogo ya kichwa cha milimita 10 inayoshika klipu ya mpira wa breki inasahauliwa kuliko zote, na klipu hiyo ikipiga ekseli utaapa ni shokapu. Hapo tena si kelele tu: mpira wa breki unaosuguliwa siku moja utatoboka. Gari likiwa limeinuliwa, hakikisha mpira huo haukazi kama kamba ekseli inaponing'inia. Bomba la moshi lipige ngumi likiwa limepoa, usikie kama linagusa mahali. Bati la kuzuia joto likiwa na kutu, kibano cha hozi kinaweza kulishika kwa muda mrefu.

Ukishamaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye chuma kinachoishika. Ukirudi baada ya juma la mawe, mstari uliovunjika unakuonyesha nati iliyosogea bila kushika spana.

Kama umepita njia yote hii na shokapu bado inagonga ikiwa mkononi mwako, nje ya gari, basi ni ya bongo kweli. Isimamishe, ivute na kuibonyeza mbele ya aliyekuuzia, asikie pengo mwenyewe. Mwonyeshe mafuta kwenye sili kama yapo, na video ya simu ya sauti ya barabarani. Wa Birere anabishana na maneno, habishani na shokapu inayogonga mezani kwake. Risiti, hata iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, iwe nayo. Na shokapu za zamani usiwape watoto wa chuma chakavu mpaka gari limebeba watu watano na kupita Ndosho kwenda na kurudi. Huenda ukahitaji kupima nazo urefu, au ukazirudisha usiku huohuo ili uende kazini kesho.